Tyubu inayotuliza mwasho ndiyo inayokuza choa

Swali: "Assalaam aleikum daktari. Mimi naishi Mtopanga. Mume wangu anafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, na tangu Ramadhani ana ugonjwa wa mapajani na kinenani unaomwasha, hasa usiku. Kemisti walimpa tyubu. Akipaka siku tatu hutulia kabisa, akiacha unarudi nao umeongezeka. Hii sasa ni tyubu ya tano. Mtoto wetu wa miaka sita nywele zinamtoka kwa mabaka, na mimi nimetokwa na duara mkononi ilhali nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe asema ni damu chafu, tunywe shubiri. Ni damu kweli? Na tutumie dawa gani?"

Waaleikum salaam, dada. Poleni nyote watatu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu habari hii naisikia kliniki karibu kila wiki, tena kwa mpangilio huohuo: baba ana tyubu, mtoto ana mabaka kichwani, na mama ndiye anayekuja kuuliza.

Nianze na damu. Damu ya mume wako haina uchafu. Kwa maelezo yako, mliyo nayo karibu hakika ni choa, yaani fangasi wa ngozi, na fangasi huyu haishi kwenye damu. Chakula chake ni keratini, ile protini ngumu iliyo kwenye ganda la juu la ngozi, kwenye nywele na kwenye kucha. Haendi chini zaidi ya hapo. Ndiyo maana kitu cha kusafisha damu hakimfikii. Na wewe mwenye mimba, shubiri usiinywe kabisa. Inaendesha tumbo kwa nguvu na haifai kwa mja mzito. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba daktari amekataza, lawama nizibebe mimi.

Choa huwa duara kwa sababu ya namna anavyokula. Huanza kama kipele kimoja, akila pale akimaliza husogea nje pande zote, na katikati panabaki pamepoa. Kwa hiyo ukitaka kumjua tazama ukingo, usitazame katikati. Ukingo wa choa umeinuka kidogo, una magamba membamba na pengine vipele vidogo vilivyopangana. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Utaona rangi ya kahawia iliyokolea au ya kijivu. Usingoje wekundu.

Sasa hiyo tyubu. Ichukue, igeuze, usome yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Majina ya dawa nayaandika kama yanavyochapwa, ili uweze kuyalinganisha herufi kwa herufi. Ukiona clotrimazole, miconazole, ketoconazole au terbinafine, hiyo ni dawa ya fangasi. Lakini ukiona pembeni yake betamethasone, dexamethasone, clobetasol, mometasone au triamcinolone, ujue mna steroidi ndani, yaani dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe isiyoua fangasi. Mara nyingi kuna na la tatu, neomycin au gentamicin, ambalo kazi yake ni bakteria. Tyubu za aina hii, zenye dawa tatu kwa mpigo, zinauzwa sana kwa sababu muuzaji hahitaji kujua ugonjwa ni upi. Chochote kilichopo, kimojawapo kitagusa. Na kweli mteja hupata nafuu upesi, akarudi kusifu.

Nafuu hiyo ndiyo inayomponza. Mwasho haufanywi na fangasi peke yake. Ni ngozi yako inayopambana naye. Steroidi inaizuia ngozi isipambane. Ni kama jirani anayepiga kelele za mwizi usiku, nawe ukaenda ukamziba jirani mdomo. Nyumba inakuwa kimya, mwizi anaendelea kubeba. Mume wako akipaka siku tatu mwasho unakwisha, anaacha, na fangasi ambaye dawa yake ilihitaji wiki kadhaa amebaki pale pale, sasa hana wa kumzuia. Akirudi anarudi mpana. Tyubu ya tano, na bila shaka kila mara eneo limekuwa kubwa zaidi.

Akiendelea hivyo choa hupoteza hata sura yake. Duara hupotea, magamba hupungua, panabaki baka lisilo na umbo na vipele vilivyotapakaa, hata sisi tunaoona ngozi kila siku tunaweza kudanganyika. Ngozi ya mapajani nayo hukonda na kupata michirizi kama ile ya tumbo la mja mzito, na michirizi hiyo haifutiki. Nilimpokea kijana mmoja dereva wa tuktuk aliyepaka krimu ya namna hii kwa mwaka mzima. Nilimsimamisha karibu na dirisha, maana taa ya kliniki huficha mengi. Kutoka kitovuni hadi nusu ya mapaja ngozi ilikuwa na mabaka yasiyo na mwanzo wala mwisho. Alishaambiwa ni mzio, ni maji ya chumvi ya kisima, ni kurogwa. Nilikwangua ukingo mmoja kwa kiwembe butu, unga mweupe ukadondoka juu ya kipande cha kioo, nikatia tone la potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha magamba ya ngozi na kumwacha fangasi. Chini ya hadubini zilijaa nyuzi zenye vipingili kama mwanzi, zimepishana kila upande. Kipimo chenyewe ni rahisi na huchukua dakika chache. Mahali penye maabara, ombeni.

Nalisisitiza hili la tyubu kwa sababu madhara yake hayaishii kwa mtu mmoja. India kwa miaka ya karibuni imehangaika na choa sugu kinachoenea nyumba nzima na kisichosikia terbinafine, dawa tuliyozoea kuitegemea. Fangasi huyo alipewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020, na mwaka 2023 Marekani ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza, mjini New York. Madaktari wa ngozi wa India wenyewe wamenyoosha kidole kwenye krimu hizi za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari. Sisi wa Mombasa bahari yetu na wao ni moja, na watu wetu huenda na kurudi. Sipendi tungoje hadi dawa zituishie nguvu mikononi.

Basi tumuanze mume wako. Tyubu hiyo aiache leo. Umuonye mapema: siku chache baada ya kuacha atawashwa kuliko alivyowashwa mwanzo, na ugonjwa utachachamaa, kwa sababu ngozi imeanza tena kupambana. Hapo ndipo wengi hurudi kemisti kununua ya sita. Akishindwa kulala, kidonge cha cetirizine cha miligramu 10 usiku kitampunguzia mwasho bila kumpa fangasi nafasi.

Kama lingekuwa baka dogo lisilowahi kupakwa steroidi ningemwambia anunue clotrimazole ya asilimia 1 tupu, isiyochanganywa, ajipake asubuhi na jioni. Apake juu ya baka na vidole viwili nje ya ukingo, maana fangasi ameshatangulia mahali ambapo jicho halijaona. Aendelee wiki mbili hadi nne, na ngozi ikishakuwa safi aongeze wiki moja au mbili. Terbinafine ya asilimia 1 hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi, wiki moja hadi mbili. Na ile dawa ya zamani ya Whitfield, mafuta yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3, ingali inafaa na ni rahisi kwa bei, ila kinenani huchoma; ibaki ya mikono na miguu. Lakini mume wako amefika tyubu ya tano, na eneo ni kubwa. Yeye anahitaji kuonwa, na inaelekea atahitaji vidonge: terbinafine ya miligramu 250 mara moja kwa siku kwa wiki kadhaa, au itraconazole, kama daktari atakavyoona. Aseme kama aliwahi kuugua ini na ataje dawa zote anazokunywa, kwani hizi hugombana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za moyo na za lehemu. Akipewa vidonge vya ketoconazole akatae. Mwaka 2013 Ulaya ilishauri viondolewe sokoni kwa sababu ya kudhuru ini, na Marekani ikavibana mwaka huohuo. Shampuu na krimu ya ketoconazole hazina neno.

Kabla hamjatoka kwenda kliniki, mwambie avue viatu ukae umtazame miguu. Mtu anayeshinda ndani ya gambuti kwenye joto la bandarini, vidole vya mwisho vya mguu huwa vimebanana na vyeupe vyeupe, ngozi inabanduka kama iliyolowekwa, na unyayo una magamba makavu. Huko ndiko choa cha kinenani kinakotoka mara nyingi. Anapovaa chupi, inapita juu ya miguu na kumpandisha fangasi hadi juu. Tukitibu kinena tukaacha miguu tumefanya kazi bure. Ajipake miguu pia, na avae soksi kwanza ndipo chupi. Atazame na kucha: zilizokuwa nene, za manjano na zinazomeguka ni ghala la fangasi, na hazitibiki kwa krimu. Kucha za miguu huhitaji terbinafine ya kunywa kwa wiki 12.

Kuna jambo la udhu ambalo nalisema kwa heshima zote. Miguu inayotawadhwa mara tano kwa siku ni miguu misafi, lakini kama hurudi kwenye viatu ikiwa na maji katikati ya vidole, fangasi hushukuru. Awe na kitambaa chake kidogo mfukoni, apanguse kidole kwa kidole, kisha avae. Kile kitambaa au mkeka wa pamoja ambao kila mtu anajipangusia mlangoni, auepuke mpaka apone, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake.

Mtoto sasa, naye ndiye nisiyetaka mmcheleweshe. Mabaka yenye nywele zilizokatika, magamba, pengine vitone vyeusi pale nywele zilipokatikia kwenye ngozi, na mitoki imevimba nyuma ya shingo: haya ni mapunye. Krimu haiyaponyi, hata mpake mwezi. Fangasi wa kichwani amejichimbia ndani ya shina la nywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Mtoto lazima anywe dawa. Iliyozoeleka ni griseofulvin, hupimwa kwa uzito wake na hunywewa kwa wiki 6 hadi 8. Siri yake ni moja ambayo wauzaji husahau kuisema: inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Mpe pamoja na chakula chenye tui la nazi, au baada ya glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta. Akinywa kwa maji matupu na tumbo tupu nyingi itapita bure, nanyi mtasema dawa ni mbovu. Mara mbili kwa wiki muosheni kwa shampuu ya ketoconazole, mkiiacha kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Haimponyi, ila inapunguza mbegu za fangasi asiambukize wenzake. Akishaanza dawa arudi shule na madrasa. Kofia yake asiazimane na mtu.

Nikuulize: mna paka? Kama ni wenu, au ni wale wa barazani ambao watoto huwapakata, mtazameni masikioni na usoni kama ana mabaka yasiyo na manyoya. Aina moja ya fangasi, Microsporum canis, hutoka kwa paka na mbwa kuja kwa watoto, na paka anaweza kuwa naye bila kuonyesha dalili. Si lazima mumfukuze; mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Ikiwa hamna paka, basi fikirieni mashine ya kinyozi, na wenzake mtoto wanaolala naye mto mmoja.

Na jambo moja la kuogopa: baadhi ya watoto, mwili ukichachamaa dhidi ya fangasi, huota uvimbe mlaini kichwani unaotoa usaha, unafanana kabisa na jipu. Usikubali upasuliwe. Kisu hakisaidii pale, na uvimbe ukicheleweshewa dawa huacha kovu lisiloota nywele maisha yote. Huo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, Coast General au penye daktari wa ngozi karibu.

Wewe, dada, ndiye mwepesi kati ya watatu. Duara moja mkononi, krimu ya clotrimazole tupu asubuhi na jioni, nayo ni salama kwa mja mzito. Vidonge vya fangasi usivinywe. Griseofulvin ni hatari kwa mimba, na hizo nyingine hatumpi mwenye mimba kwa ajili ya ngozi. Dawa ya mtoto unaweza kumpimia bila wasiwasi, ila isichanganyike na zako. Na kama mume wako naye ataandikiwa griseofulvin, ajue kwamba wanaume wanaoitumia hushauriwa wasitafute mtoto hadi miezi sita ipite baada ya kuimaliza.

Lazima mtibiwe kwa wakati mmoja. Nikisema hivi watu hudhani nazungumzia dawa tu, kumbe nusu ya kazi iko kwenye kamba ya nguo. Nimeingia nyumba nyingi za kwetu nikaona kanga na mashuka yanapepea juani, na nguo za ndani zimefichwa chooni au nyuma ya mlango zikauke humo gizani, kwa ajili ya stara. Stara ni njema, lakini kwa unyevu wa Mombasa nguo ile haikauki, inapoa tu. Anika juani, uitandikie kanga nyepesi juu yake. Ikishindikana, piga pasi ya moto, hasa kwenye mishono na mpira wa kiunoni. Mashuka, taulo na foronya zifuliwe kwa maji ya moto mnapoanza dawa, na kila mtu awe na taulo yake. Mume wako avae nguo za pamba zisizobana. Akiwa nyumbani kikoi kinamtosha.

Si kila baka ni choa, na majina yetu huchanganya. Yale mabaka mepesi ya rangi ya maziwa, au ya kahawia, yanayotapakaa kifuani, mgongoni na shingoni msimu wa kaskazi joto linapopanda, wengi huyaita mba. Ukiyakwaruza kwa ukucha hutoa unga laini. Huyo ni fangasi mwingine, Malassezia, anayeishi kwa mafuta ya ngozi kwa kila mtu na huzidi tu jasho likizidi. Haambukizi, mtu asimnyanyapae mwenzake. Hutibiwa kwa shampuu ileile ya ketoconazole ikipakwa mwilini dakika tano kila siku kwa siku tano, na rangi hurudi polepole kwa miezi. Usipake mafuta mazito juu yake.

Sehemu zenye mikunjo, chini ya matiti au mtoto mchanga anapovaa nepi, pakiwa pekundu, pana unyevu na vipele vidogo vimezunguka pembeni kama vifaranga, huyo ni Candida, fangasi wa aina nyingine. Nystatin humuua, lakini nystatin haimgusi choa. Nimeona watu wamepaka miezi mitatu bure. Candida akirudi rudi kwa mtu mzima, pima sukari. Na choa kinachoenea mwili mzima bila sababu, pima na virusi vya ukimwi, bila kuona aibu, kwani kujua ndiko kutakakokusaidia.

Baka ambalo haliwashi, halina magamba, na ukiligusa kwa pamba huku umefumba macho hakuna unachohisi, hilo usilipake chochote. Nenda ukaonwe. Ukoma bado upo, unatibika kabisa, na dawa zake ni bure, ila ukichelewa huharibu mishipa ya fahamu. Vilevile mguu ukivimba, ukawa wa moto na homa ikapanda, bakteria wamepitia kwenye nyufa za vidole. Hapo ni hospitali usiku huohuo.

Kitunguu saumu kilichopondwa, Jik, maji ya betri: kila moja nimeona kidonda chake, na kidonda cha kinenani kwa mtu anayetembea juani hakiponi upesi. Viacheni.

Mume wako akienda kuonwa aibebe na tyubu yenyewe, hata ikiwa tupu, ili daktari ajue alipakwa nini. Kisha arudi baada ya wiki nne hata kama haumwi. Baada ya kupona patabaki alama nyeusi mapajani, pengine kwa miezi mingi, na watu wengi wakiiona hudhani ugonjwa ungalipo wakaanza kupaka upya. Kuitambua ni rahisi: fumba macho upitishe kidole. Pakiwa laini sawa na ngozi ya pembeni, hiyo ni alama tu, iacheni ififie yenyewe. Kidole kikikwama kwenye ukingo wenye magamba, fangasi bado yupo, na dawa iendelee.